Nyumba ya Kufuli Nyingi: Uzi Mwekundu

Uzi mwekundu. Jumapili iliyopita tulimwacha Radka amepiga magoti kando ya kitanda cha bintiye, ameushika ule mkono mdogo, anautazama uzi ambao jana jioni haukuwapo. Madirisha yana nondo. Grili ya mbele ina kufuli tatu. Ukuta una seng'enge juu yake. Na bado mtu ameingia, amemfunga mtoto uzi mkononi kwa fundo zuri, akatoka zake.

"Nani kakufunga hiki?" Radka aliuliza.

Neli alipiga miayo. Ana miaka saba. Kwao ni Bulgaria, lakini hapo Phnom Penh ndipo alipoota meno, na Kikhmer chake ni cha watoto wa mtaani, kile ambacho mama yake humwazima kila wakienda sokoni.

"Bibi wa jikoni," alisema.

"Bibi gani?"

"Huyohuyo wa jikoni, mama. Kanifunga ili nisipotee tena." Akaugeuzageuza mkono wake, uzi umempendeza. "Ila ananikosea jina. Ananiita Kolap. Nimemwambia mimi Neli, Kolap ni yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Anayekaa ndani," Neli alijibu, akaruka kitandani kwenda kutafuta uji, kana kwamba wamezungumzia paka wa jirani.

Radka hakumfuata. Miguu ilikuwa imeshamchukua kuelekea nyuma ya nyumba.

Msomaji mgeni aelewe: nyumba hii ina majiko mawili. Jiko la siku zote liko kando ya sebule. Lile lingine, la zamani, limejengwa nyuma kabisa, na mlango wake wa nje unafungukia uchochoroni. Humo hakupikwi kitu. Radka huweka maboksi ya vitambaa vya kazini kwake, na mlango wa kuingilia kutoka ndani ya nyumba huufunga kwa komeo la juu.

Komeo lilikuwa limefunguliwa. Chini yake kilikuwapo kiti kidogo cha Neli cha kuchorea picha.

Ndani palinuka ubani. Sakafuni, mbele ya mlango wa uchochoroni, kulikuwa na jani la mgomba, na juu ya jani matonge ya wali yaliyonyunyiziwa ufuta. Vijiti vya ubani vilikuwa vimeungua hadi mwisho, na jivu lilikuwa bado halijapeperuka. Radka aliujaribu mlango. Ulikuwa umefungwa vilevile kama siku alipopanga nyumba, siku Bi Leakhena, mwenye nyumba, alipomwambia kwamba ufunguo wa mlango ule ulipotea kabla hata yeye hajaijua nyumba hiyo.

Ufunguo uliopotea haufungui mlango. Radka aliujaribu tena.

Mtu asiyemjua angemwona mwoga. Haikuwa hivyo. Mumewe alikuwa amegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, mwaka wao wa pili mjini hapo, na tangu siku ile Radka alikuwa na kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa Neli. Kila nyumba ya mtaani ilipoibiwa, yeye aliongeza kufuli. Mchana alikagua vitambaa kiwandani akitafuta tundu, jioni alikagua nyumba yake akitafuta tundu. Majirani walimcheka. Walisema hata mbu wakitaka kuingia kwa Radka sharti wapige hodi.

Alitoka hadi getini. Mlinzi wake, Mjomba Thoeun, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake cha wavu, anakunywa kahawa ya barafu kwenye mfuko wa plastiki. Mtu mzima, mwembamba, wa maneno machache. Alikuwa amelinda nyumba hiyo kabla ya Radka, na kabla ya waliomtangulia Radka.

"Mjomba, nani aliingia ndani?"

"Geti halijafunguliwa, dada."

"Sijakuuliza geti."

Thoeun aliangalia kahawa yake. Kisha akaanza kuzunguka mbuyu kwa upole. Alisema hizi ndizo siku za Pchum Ben, wafu wamefunguliwa milango huko waliko, wana njaa ya mwaka mzima, wanapita pagoda moja hadi nyingine wakitafuta ndugu waliowawekea chakula. Anayekosa ndugu hurudi alikowahi kuishi. Hilo kila mtu analijua.

"Mimi nimeajiriwa kuzuia walio hai," alimaliza. "Hao wengine hawapiti getini."

"Na wafu hununua kiberiti? Kuna ubani umewashwa jikoni kwangu."

Hapo Thoeun alinyamaza, na ukimya wake ukamkera Radka kuliko uongo wowote. Mtu huyu anajua kitu. Mbaya zaidi, mlinzi akachagua dakika ileile kukumbushia ruhusa yake. Alitaka kwenda kwao Prey Veng. Mkewe alikuwa ameshafunga wali wa kunata kwenye majani, na mama yake Thoeun, aliyekufa kwa njaa enzi zile mbaya, asipomkuta mwanawe pagodani angemlaani.

Radka aliona picha yote imekamilika. Mwenye funguo ni huyu. Anayejua na hasemi ni huyu. Na sasa anataka kukimbia.

"Weka funguo hapo," alisema.

Thoeun hakubishana. Aliweka funguo juu ya kigoda, akakunja wavu wake taratibu, akautia kwenye mfuko. Alipofika getini aligeuka.

"Nyumba hii hupangishwa wageni tu, dada. Hujawahi kujiuliza kwa nini?"

Akaenda. Radka alifunga geti nyuma yake, akavuta kufuli kuhakikisha, kisha akavuta tena. Ndipo alipotambua kwamba amemfukuza mtu mzima pekee aliyekuwa kati yake na hicho kilichomo ndani. Alitamani kumwita. Kiburi kikamzuia.

Akampigia simu mwenye nyumba.

Bi Leakhena alifika upesi kuliko siku zote ambazo bomba lilipasuka. Alikuwa njiani kwenda pagodani, amevaa blauzi nyeupe ya lesi na hereni zake za dhahabu, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayejua kuingia chumbani watu wakasimama. Alimpapasa Neli kichwa, akaweka tunda la dragoni mezani, akaketi. Radka akamweleza habari ya uzi. Akamweleza habari ya bibi. Akataja jina Kolap.

Mkono wa Bi Leakhena ulikuwa ukimenya tunda. Ulisimama.

"Mtoto alilisikia wapi jina hilo?"

"Anasema ndivyo anavyoitwa na huyo bibi."

Bi Leakhena aliinuka, akachukua mkasi kwenye kikapu cha ushonaji cha Radka, akamshika Neli mkono, na kabla mtu hajafungua mdomo uzi ulikuwa sakafuni vipande viwili. Neli akalia kilio cha kweli, kile cha kuishiwa pumzi. Radka alimkumbatia na kumtazama mwenye nyumba kwa hasira, lakini Bi Leakhena alikuwa ameshatoa simu.

Alisema ni wivu wa watu tu. Kuna watu mjini hapa wanapenda kuwatisha wageni ili wahame. Dawa yao ni moja, mlango wa jikoni uchomelewe leo, kabla ya jioni, na fundi anaye. Radka aliitikia haraka. Kuchomelea ilikuwa lugha anayoielewa. Chuma juu ya chuma, mtoto ndani, hatari nje.

Simu ilikuwa imeshakatwa ndipo kitu kikamchoma.

"Shangazi," alisema polepole, "mimi sijakutajia mlango wa jikoni."

Bi Leakhena alimtazama bila kupepesa. "Nyumba hii ina mlango gani mwingine usio na kufuli yako?"

Jibu lilikuwa zuri. Radka hata alicheka. Ila aliona kwamba mwenye nyumba aliposhika tena kisu cha tunda, hakumenya kitu.

Fundi Heng alikuja mchana, mawingu yameshatanda. Kijana mnene, mchangamfu, mashine yake ya kuchomelea imefungwa nyuma ya pikipiki kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Alizunguka nyumba mara moja akipiga mluzi kwa kila kufuli aliyoiona.

"Dada, tukimaliza mlango nikuchomelee na bomba la maji? Mwizi anaweza kuja akiogelea."

Radka alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimwingiza jikoni aupime mlango kwa ndani. Ulikuwa wa mbao nzito ya zamani, umefunikwa bati pande zote mbili, kwenye fremu ya chuma ambayo marehemu mume wa Bi Leakhena aliiweka mwenyewe. Chini, upande wa ndani, bati lilikuwa limeshikwa na kutu. Heng alitaka kujua unene wa mbao. Akaingiza bisibisi, akalibandua bati kipande.

Mluzi ukamwishia mdomoni.

Mbao ilikuwa imekwaruzwa. Mikwaruzo mingi, mingine hafifu, mingine imezama hadi mbao ikawa nyeupe. Yote ilikuwa chini. Hakuna hata mmoja uliopita kiuno cha mtu mzima.

"Panya," alisema Bi Leakhena kutoka mlangoni. Hakuwa ameingia. Radka alikumbuka sasa kwamba katika miaka yote ya kupanga hajawahi kumwona mwenye nyumba akiingia chumba kile.

"Panya gani huyo, shangazi, anayekwaruza kwa vidole vitano?" Heng aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

Aliambiwa afanye kazi iliyomleta. Na Radka, ambaye macho yake yalikuwa yameona sawasawa na ya Heng, alisema vivyo hivyo. Tusimlaumu sana. Mtu akiogopa hataki kujua kitu ni nini, anataka kiwe upande wa pili wa mlango.

Alimpeleka Neli chumbani juu, akamwambia asitoke mpaka mama arudi. Neli alikuwa bado amenuna kwa ajili ya uzi wake. Radka alirudisha komeo la jikoni, lile la upande wa nyumbani, akaondoa kile kiti kidogo, akatoka, akafunga grili kufuli zote tatu. Kisha akazunguka na wenzake hadi uchochoroni. Mtoto yuko salama, alijiambia. Nimemfungia.

Heng aliweka nondo tatu kwa kukingama, kutoka upande mmoja wa fremu hadi wa pili. Cheche ziliruka kwenye madimbwi zikazimika. Kichochoro kikajaa harufu ya chuma kilichoungua. Wenye nyumba zilizopakana walikuwa wamekwenda mikoani kwao kwa ajili ya sikukuu, hata mbwa hakuwapo wa kubweka. Fundi alizima mashine, akavua miwani.

"Hapo hata jini hapiti," alisema Heng, kisha akaonekana kujuta.

"Basi hata mwenye ufunguo hatapita," sauti ikajibu nyuma yao.

Alikuwa Thoeun. Hakuwa amekwenda Prey Veng. Mfuko wake wa safari ulikuwa begani, na kando yake alisimama mwanamke aliyekata nywele zake za mvi karibu na ngozi, amevaa blauzi nyeupe iliyofuliwa mara nyingi, ameshika kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. Shingoni mwake, kwenye kamba, ulining'inia ufunguo mkubwa wa chuma, wa zile kazi za zamani.

"Ulitaka mwizi wako, dada," Thoeun alimwambia Radka. "Nimekuletea. Huingia humu kila Pchum Ben, na mimi kila mwaka hugeuza uso. Nilipaswa kukuambia asubuhi. Nilimwogopa huyo." Akamwonyesha Bi Leakhena kwa kidevu.

Mwanamke hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anaziangalia nondo. Aligusa moja, ikamuunguza, hakuondoa kidole. Kisha akaketi chini, kwenye maji.

Bi Leakhena ndiye aliyepata sauti kwanza. Alisema anamjua mtu huyu, ni mwendawazimu, aondolewe. Alisema nyumba zote za zamani zilishakuwa mali ya waliozikalia baada ya vita, sheria iko wazi, na kama ana madai apeleke mahakamani.

"Sidai nyumba, mama mkubwa," alisema mwanamke. "Nyumba kaa nayo. Mimi nimekuja kumfungulia mtoto."

Radka alimsogelea. Alichuchumaa mbele yake, akasahau kwamba asubuhi nzima alikuwa ametaka kumshika mtu huyu na kumkabidhi kwa polisi.

"Kolap ni nani?"

Mwanamke aliitwa Chanthou, na alisimulia bila kulia, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Nyumba hii ilikuwa ya baba yake. Siku ile askari wa nguo nyeusi walipoingia mjini, walipita mlango kwa mlango wakiamuru watu watoke. Ndege zitapiga mabomu, walisema. Ni siku tatu tu, msibebe vitu. Kwa hiyo watu walifunga nyumba zao kama wanaokwenda harusini mkoani. Mama yake alipika chungu cha wali akakiacha, ili wakirudi wasikute njaa. Alijaza tangi la maji. Aliogopa wezi kuliko alivyoogopa askari, maana mji mtupu ni sikukuu ya wezi. Akafunga mlango wa jikoni kwa nje, akauvuta kuhakikisha, kisha akauvuta tena.

Radka aliutazama mkono wake mwenyewe.

Kolap, mdogo wake Chanthou, alikuwa na umri wa Neli. Alikuwa mtoto wa kujificha. Milio ya bunduki ilipoanza alijipenyeza chini ya jiko, kwenye tundu la mkaa, na humo akalala. Mama alidhani yuko na shangazi kwenye baiskeli. Shangazi alidhani yuko na mama. Barabara ilikuwa bahari ya watu, na kila aliyegeuka nyuma alipigwa risasi. Walikutana na shangazi jioni, ng'ambo ya daraja, na ndipo walipomtafuta Kolap.

"Mama hakupiga kelele," Chanthou alisema. "Alishika ufunguo akaniambia, usilie, maji yapo, wali upo. Siku tatu mtoto anaweza."

Heng alikuwa amegeukia ukuta.

Siku tatu ziligeuka miaka ya kulimishwa kwa nguvu vijijini, kama kila mtu wa nchi ile anavyojua. Mama alikufa mashambani na ufunguo shingoni. Aliyebaki akauvaa. Chanthou aliporudi mjini alikuta askari wa vita vingine na mkewe wanaishi kwao, na mlango umewekwa bati. Tangu hapo kila sikukuu ya wafu, kabla hakujapambazuka, huja na chakula. Watawa walimwambia ampelekee Kolap pagodani. Alijaribu. Lakini yule mtoto pagoda haijui, analijua jiko hili tu, na alishafundishwa kwamba akijificha asitoke mpaka waje.

"Na uzi?" Radka aliuliza. "Binti yangu?"

Chanthou aliinamisha kichwa. "Nilifungua, nikaona mlango wa ndani nao uko wazi, na mtoto amesimama gizani, kimo kilekile. Akili yangu ilijua si yeye, dada. Mikono yangu haikujua."

Ndipo alipomgeukia Bi Leakhena, na akauliza lile ambalo bila shaka alikuwa ameliandaa maisha yake yote.

"Mlimzika wapi?"

Bi Leakhena alikuwa ameegemea ukuta, lesi yake nyeupe imeshika kutu ya bomba. Ule ukubwa wake wote ulikuwa umemtoka.

"Mume wangu ndiye aliyeingia," alisema. "Alivunja kufuli ya mlango wa ndani. Mlango huu wa nje ulikuwa umefungwa bado, kama mlivyouacha. Alikuta chungu kitupu. Tangi limekauka. Aliona mbao ilivyokwaruzwa, akaenda kutafuta bati siku hiyohiyo ili mimi nisione. Lakini hakumzika mtu, Chanthou. Naapa kwa watoto wangu. Tulipekua hadi tundu la mkaa. Ndani hamkuwa na mtoto."

"Kulikuwa na mifupa," alisisitiza Chanthou.

"Hamkuwa na kitu. Milango yote imefungwa, na ndani hamna mtu."

Mvua ilianza. Matone makubwa yalipiga bati za kichochoro, na kwa muda hiyo ndiyo sauti pekee waliyoisikia. Kwa hiyo hakuna aliyejua ilianza lini ile nyingine. Thoeun ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, kuwataka watulie, ingawa walikuwa wametulia.

Kitu kilikuwa kinagonga mlangoni. Kwa ndani.

Kiligonga chini, karibu na magoti yao, taratibu, kwa mkono mdogo.

Radka aliona giza. Komeo. Kiti. Neli aliwahi kulifungua komeo lile, angeshindwaje kulifungua tena kwa kiti kingine? Alizirukia nondo kwa mikono miwili, chuma bado kina moto, akamwita mwanawe kwa lugha ya kwao, akamwambia mama yuko hapa, usiogope, mama anakutoa. Heng alikuwa anahangaika na grainda yake ya kukatia chuma, waya umemzonga miguuni. Radka alitoa funguo, zikamwanguka, akaziokota kwenye tope, na kati ya funguo zote zile alizojikusanyia hakuna hata mmoja uliokuwa na kazi kwenye mlango ule.

"Kata!" alimpigia kelele Heng. "Mwanangu yuko ndani, kata!"

"Mama?"

Sauti ilitoka juu.

Radka aliinua uso mvuani. Dirishani, juu ya vichwa vyao, nyuma ya nondo ambazo yeye mwenyewe alichagua unene wake, Neli alikuwa amesimama na mikono imeshika chuma, nywele zimevurugwa na usingizi.

"Mama, mbona hamumfungulii?" aliuliza. "Kachoka kugonga."

Na chini, mlangoni, kugonga kukaendelea.

Hakuna aliyeweza kusogea ila Chanthou. Alitambaa kwa magoti hadi mlangoni, akapitisha uso kati ya nondo mbili, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo. Ule ufunguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake, unatiririka maji. Hakuushika.

"Kolap," alisema. "Ni dada yako. Mama kanituma. Siku tatu zimekwisha, unaweza kutoka."

Kugonga kukakoma.

Walisikia kitu kikiburutwa sakafuni, kama kiti kidogo kinachosogezwa. Kisha kitasa cha zamani kikalia mara moja, kizito, na kikazunguka kwa ndani, huku kwa nje hakuna aliyekigusa. Mlango ukaanza kusukumwa kuja nje, kidogo kidogo, kwa nguvu za mtoto. Ukafika kwenye nondo za Heng, zile alizoziagiza Radka mwenyewe, zikauzuia.